Dawa Haitembei Uchi

Tumbo langu huamka kabla yangu. Alfajiri, mwadhini hajakohoa, lenyewe limeshakaa kitako na kuanza kudai. Huniunguza hapa, kwenye chembe ya moyo, kama mtu aliyesahau kaa la moto mfukoni. Nikilala ubavu wa kulia, linahamia kulia. Nikigeuka, linageuka. Kwa hiyo naamka, nazunguka uani, nahesabu matofali ya ukuta wa jirani ambaye hajaumaliza tangu nimjue, narudi, nahesabu tena. Idadi haijawahi kuongezeka.

Miaka minne nililijibu tumbo hilo kwa majani. Kikombe cha bati, majani makavu ya kujaza kiganja, maji ya moto mpaka yageuke rangi ya chai ya mtu aliyeishiwa. Hakuna sukari. Majani yalitoka Maparoni kwa Mama Mkubwa, dada yake mama yangu, ambaye ndiye hutajwa kwanza upande ule wa delta mtu akishikwa na tumbo. Jina la mti siliandiki. Nimeahidi mara mbili, kwa mdomo kisha kwa kiapo, kwa sababu Mama Mkubwa ananijua.

Mimi ni dalali wa ufuta na korosho hapa Kibiti. Kazi yangu ni kusimama kati ya mkulima na mnunuzi mpaka kila mmoja aondoke akiamini amempunja mwenzake. Gunia napima mara mbili: mara ya kwanza napima gunia, mara ya pili nampima aliyelipima. Katika mji huu hakuna aliyewahi kuniuzia mawe ndani ya ufuta. Hilo nalisema bila majivuno, ila nalisema kila siku.

Daktari wa hospitali alikuwa ameniambia zamani: nenda ukamezeshwe mpira wenye kamera, tuone kuna vidonda vingapi na vikoje, tukutibu kwa kujua. Nikamwambia nitakuja Jumatatu. Sikusema Jumatatu gani.

Mke wangu hakusahau. Mke wangu angekuwa dalali, mimi ningekuwa mbeba magunia.

"Unaogopa mpira," alisema.

"Siogopi. Nina dawa."

"Una majani."

Jambo moja sikumwambia. Mwezi ule, asubuhi mbili tofauti, niliona chooni choo cheusi kama lami ya barabara ya Lindi. Mara ya kwanza nilijiambia ni mboga. Mara ya pili sikuwa nimekula mboga.

Hapo ndipo alipokuja mtafiti. Msichana wa chuo kimoja cha Dar, begi mgongoni, viatu vya kutembea porini, alikuwa akiuliza watu wa Kibiti wanakunywa nini kwa vidonda vya tumbo. Alinikuta kwenye kibanda cha uji, nakunywa uji mweupe usio na ndimu wala pilipili, mkono mmoja kwenye kikombe, wa pili tumboni. Hakuhitaji kuuliza mara mbili.

"Shikamoo mjomba. Hilo tumbo unalitibu kwa nini?"

"Marahaba. Kwa siri."

Akacheka, akavuta kigoda. Alinieleza kwamba majani ya namna hiyo hupimwa kwanza kwa panya. Tena akasema kitu ambacho nilikichukulia kama maneno ya kufungulia bei: "Lakini mjomba, utafiti wangu usiwe sababu ya wewe kutokwenda hospitali. Panya wangu hawawezi kuliona tumbo lako."

Nilirudi nyumbani nikiwa na wazo ambalo wakati ule niliona ni la akili. Nikamwambia mke wangu: tuwaachie panya waamue. Majani yakishindwa, nameza mpira. Yakishinda, unanyamaza, tena moja kwa moja.

Alikuwa anapepeta mchele. Ungo haukusimama. "Yakishinda nanyamaza," alisema. "Mkono."

Tukapeana mkono kama watu wa sokoni. Nilipaswa kushtuka kwa jinsi alivyokubali upesi.

Ilibaki Mama Mkubwa. Tulishuka Nyamisati mimi na mtafiti, tukapanda boti ya mashine kufuata maji yanayojaa, mikoko huku na huku, mpaka Maparoni. Njia nzima sikukaa. Mwenye boti aliniambia nikae au nishuke, nikamuuliza nishukie wapi.

Mama Mkubwa alimpokea mgeni kwa wali na kamba, akamwacha ashibe ndipo akamwuliza shida yake. Alisikiliza yote. Kisha akasema, "Na hayo majani yangu utayafanyaje?"

"Tunayakausha kivulini, bibi, tunayasaga, tunayaloweka kwenye spiriti siku kadhaa, tunachuja."

"Spiriti ni pombe?"

"Ni pombe, lakini inakaushwa yote. Haibaki."

"Mimi nachemsha kwa maji. Ukiloweka kwenye pombe hiyo siyo dawa yangu, hiyo yako. Ikishindwa umeshindwa wewe."

Mtafiti aliandika kwenye daftari: maji. Nilimpenda kwa hilo. Watu wengi wa ofisini ukiwapinga huandika jina lako badala ya neno lako.

"Na hao panya unawaumizaje tumbo?"

Mtafiti akasita. "Kwa spiriti, bibi. Inachoma tumbo ndani ya saa moja."

Mama Mkubwa alinitazama mimi, akamtazama yeye. "Kwamba pombe inachoma tumbo, hilo tulikwishaambiwa. Panya mmoja asingekufa kwa kutuarifu." Kisha akakubali, kwa masharti mawili: jibu aletewe yeye mwenyewe, ana kwa ana, kwa Kiswahili, na mtafiti aje tena kumwomba ruhusa kabla hajaandika jina la mti popote.

Mimi nikaongeza langu: na mimi nihesabu.

"Uhesabu nini, mjomba?"

"Chochote kitakachohesabiwa."

Kesho yake kabla jua halijachomoza, Mama Mkubwa alikwenda kuchuma peke yake. Ndivyo ilivyo: mchumaji hafuatwi wala hasemeshwi. Alirudi na tawi moja lenye ua, la mtaalamu wa mimea kule chuoni, na kapu la ukindu lililojaa majani, mdomo wa kapu umeshonwa. Akanikabidhi mimi kapu.

"Usifungue njiani."

Sikufungua njiani. Nilifungua Kibiti, kwenye ghala langu, ambako mtafiti aliona pana hewa na kivuli cha kukaushia. Tulitandika majani kwenye mikeka. Yeye akarudi Dar kuandaa mambo yake, akaniachia kazi ya kuyageuza asubuhi na jioni. Niliyageuza. Kwa kuwa mikono yangu haijui kushika kitu bila kukihesabu, nilikuwa nayahesabu kwa mafungu ya kumi kumi. Siku ya tatu niliona jambo. Katika kila fungu, matano hivi yalikuwa yamebaki kijani kilichofifia, na mengine yamegeuka meusi. Nikahesabu upya. Vilevile. Nusu kwa nusu.

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe ni la kidalali. Dalali akiona kasoro kwenye mzigo alioushika yeye, hapigi kelele. Nilijiambia: labda meusi ni makongwe. Nikayavuruga kidogo kwa kiganja, yakachanganyika vizuri, nikafunga mfuko. Mtafiti alipokuja kuuchukua, yote yalikuwa makunyanzi tu.

Wiki zilizofuata sikutulia. Nilimpigia simu mara nyingi kuliko ninavyompigia mama mkwe wangu, na mama mkwe ni mgonjwa. Panya wamefika? Wamefika, mjomba. Wangapi? Thelathini. Una uhakika? Nikasikia akihesabu. Thelathini, mjomba. Wanakula? Leo hawali, leo wanafunga, kesho ndiyo siku. Wakati huohuo nilikuwa naendelea na kikombe changu cha bati, na tumbo linaendelea kuniamsha, na mke wangu akinipakulia chakula alikuwa anakiweka mezani taratibu kama mtu anayeweka chombo cha udongo karibu na mtoto.

Mtafiti alikuja na kompyuta yake. Tulikaa ghalani, juu ya magunia ya ufuta, mlango umeegemezwa jua lisiingie kwenye kioo. Alinieleza mpango. Panya walikuwa kwenye mafungu matano. Fungu moja lilikunywa maji matupu. Moja dawa ya hospitali. Matatu maji ya majani, kwa nguvu tofauti, kidogo, wastani, nyingi. Kisha wote spiriti. Kisha wakalazwa kwa dawa wasisikie, wakafa, matumbo yakafunguliwa na kupigwa picha.

"Walilazwa kwanza?"

"Ni lazima, mjomba."

Nikaona panya wamepata heshima ambayo mimi nilikuwa sina hakika kama mwenye mpira angenipa.

"Sasa, mimi na mwenzangu tumeshahesabu. Hesabu yako haitaingia kwenye utafiti, lakini uliomba. Picha zina namba tu. Hujui lipi ni la fungu gani. Wala sisi hatukujua tulipokuwa tunahesabu. Orodha iko kwenye bahasha hii."

Hilo nilielewa kuliko yote. Ukijua gunia ni la shemeji yako, jicho lako linaongeza kilo.

Picha zilikuwa za matumbo madogo yaliyopasuliwa na kubanwa kwa pini pembeni, kama vipweza vilivyoanikwa. Juu yake michirizi myekundu. Nilihesabu michirizi, kila picha mara mbili, kwa sauti ya chini. Matumbo mengine yalikuwa safi karibu yote. Mengine yalikuwa yamechanikachanika mpaka mkono wangu wenyewe ukaenda kwenye chembe ya moyo. Mara mbili hesabu yangu ilizidi ya kwake kwa mchirizi mmoja, akakuza picha, akatazama kwa muda mrefu, akasema, "Mjomba, ungekuja kufanya kazi maabara." Nikamwambia sipendi kazi ambayo mzigo hauwezi kubishana.

Tukafungua bahasha. Matumbo safi yalikuwa ya dawa ya hospitali. Yaliyochanika yalikuwa ya maji matupu. Na ya majani, kidogo, wastani, nyingi, yalikuwa yamechanika nayo, nafuu ya kuonea haya. Mtu mwenye roho nzuri angesema kuna tofauti. Mimi sikulelewa hivyo.

"Pole, mjomba," alisema.

Nilihisi mpira ukipita kooni. Kisha nikaona mikeka. Kumi, matano kijani, matano meusi. Nikamwambia. Ilikuwa vigumu kuliko kukiri wizi, maana mwizi angalau hubaki na kitu.

Hakunigombeza. Aliweka mikono kichwani. "Mimi ndiye niliyetakiwa kulinganisha kila jani na lile tawi," alisema. "Nilikuamini kwa sababu unahesabu."

Tulirudi Maparoni maji yalipokubali. Mama Mkubwa alikuwa uani anasuka ukili. Hakuinua kichwa.

"Panya wamesemaje?"

Mtafiti akamweleza, ana kwa ana, kwa Kiswahili, kama alivyoahidi, bila kuchovya asali. Kisha akamwuliza kwa adabu kama kapuni palikuwa na majani ya aina mbili.

"Palikuwa," alisema Mama Mkubwa, kana kwamba ameulizwa kama delta ina matope. "Dawa haitembei uchi. Ikitoka mkononi kwangu inavishwa. Jani la dawa, jani la kufunika. La kufunika halidhuru, halisaidii, ni nguo tu. Atakayefungua kapu njiani haoni kitu."

"Lakini bibi, nguo tumeisaga pamoja na mwili."

"Nani kawaambia msage pamoja? Mwenye kujua huchambua."

Mtafiti akanigeukia. Mimi nilikuwa nimeshafika mbali kuliko yeye. Nilikuwa kwenye kikombe cha bati.

"Mama Mkubwa. Na yale unayoniletea mimi? Miaka yote minne?"

"Yamevaa pia."

"Hata mimi? Mtoto wa mdogo wako?"

"Wewe hasa." Sasa aliinua kichwa. "Wewe mwanangu, moyo wako haunipi shida. Mkono wako ndio wa sokoni. Ningekupa dawa uchi, mwaka haujaisha ungekuwa unaiuza Nyamwage kwenye vifuko kando ya barabara. Sema uongo."

Mtafiti alikuwa anatazama matope ya viatu vyake kwa bidii. Mtu ambaye hajawahi kuuziwa mawe ndani ya ufuta alikuwa amekunywa nguo miaka minne, na kila asubuhi alisema inamsaidia.

Mara ya pili Mama Mkubwa alimchukua mtafiti peke yake mpaka mtini. Mimi niliachwa kwenye mkeka na sahani ya muhogo, kama posa iliyokataliwa. Kapu lilishonwa, likabebwa na mtafiti. Sikuruhusiwa hata kulipokea wakati wa kupanda boti.

Mke wangu nilimwambia kilichoshindwa ni nguo, si dawa, mkataba unaendelea. Panya wengine. Simu nyingine. Safari hii nilijizuia, nilipiga mara moja kwa siku, isipokuwa siku nilizopiga mara mbili. Choo cheusi kilirudi. Nilisimama pale mlangoni mwa choo nikiwa na kopo mkononi nikajiuliza ninamficha nani, maana mke wangu alikuwa uani na alikuwa ameacha kufagia.

Majibu yalipokuwa tayari mke wangu alisema na yeye anakuja Maparoni. Tukakaa wanne barazani kwa Mama Mkubwa asubuhi, sinia la mchele katikati, wanawake wawili wanachambua mawe. Mtafiti hakuwa na bahasha. Alikuwa nayo usoni.

"Bibi, safari hii majani yamekinga. Kidogo hayakufanya mengi. Wastani yamefanya. Mengi yamekaribia dawa ya hospitali. Hawa ni panya, si watu, na bado kuna mengi ya kupima. Lakini yamekinga."

Mama Mkubwa aliendelea kuchambua. "Yupo aliyekufa kwa dawa yangu?"

"Hakuna."

"Alhamdulillahi." Akatupa jiwe uani. Hiyo ndiyo ilikuwa sherehe yote. Lakini nilimwona akijifunga kanga upya, na ilikuwa imefungwa vizuri tangu mwanzo.

Nikamgeukia mke wangu. Alikuwa ameinamia sinia. Alinyamaza. Mkono tulipeana, naye ni mtu wa mkono wake.

Ningeishia hapo. Mfanyabiashara mwenye akili akishapata bei huondoka kabla mnunuzi hajafikiri. Lakini mimi huhesabu mara mbili, ugonjwa ambao hauna jani. Nikasema, "Hebu nieleze tena mpangilio. Panya alikunywa majani lini?"

"Saa moja kabla ya spiriti."

"Kabla."

"Ndiyo, mjomba. Tunapima kinga. Tumbo lilikuwa zima, tukalikinga, ndipo tukalichoma. Kama majani yanaponya kidonda ambacho tayari kipo, hicho ni kipimo kingine. Hatujakifanya."

Mchele ulisikika ukianguka kwenye sinia. Mke wangu hakusema neno. Alikuwa na haki ya kusema, na uwezo, na alikuwa na mimi pale mkekani kama samaki nchi kavu, lakini hakusema.

Mama Mkubwa ndiye aliyesema. "Kwani hospitali walikuambia vidonda vyako vikoje?"

"Sijaenda kupimwa."

"Miaka minne?" Mikono yake iliacha kuchambua. "Mimi sijawahi kumpa mtu majani akaacha hospitali. Nani alikuambia uache? Mimi mwenyewe macho yangu nimepasuliwa Dar, ulinisindikiza wewe!"

Nilikuwa nimemsindikiza. Nilisubiri nje nikahesabu madirisha.

Tulirudi na maji ya mchana. Mke wangu alinyamaza kwenye boti, akanyamaza Nyamisati, akanyamaza nyumbani siku tatu. Hakununa. Aliniamkia, alinipa uji, aliniuliza habari za ufuta. Tumbo tu ndilo hakulitaja. Sijawahi kupigiwa kelele kubwa namna ile. Siku ya nne, alfajiri, nikiwa natoka uani kwenye matofali ya jirani, nilimkuta amekaa kizingitini.

"Kimekuwa cheusi," nikamwambia. "Mara nne. Nimehesabu."

"Tano," alisema. "Hilo si kuvunja mkataba. Hilo ni hesabu."

"Nitakwenda Jumatatu."

"Jumatatu gani?"

"Hii."

Hospitali walinipulizia dawa kooni ya kuua ganzi, sijui kama ndivyo inavyosemwa, ulimi wangu ulikuwa umeshakufa kabla sijauliza. Sikulazwa usingizi kama panya. Nilikuwa nimeuliza, nesi akaniambia naweza, ila foleni ya hiyo ni ndefu zaidi, na mke wangu alikuwa mlangoni. Nililala ubavu wa kushoto, plastiki katikati ya meno, mpira ukashuka. Si kitu cha kusimulia. Kwenye kioo niliona tumbo langu kwa mara ya kwanza, jekundu, lenye mikunjo, linang'aa, halikufanana hata kidogo na mtu anayeniamsha.

"Naam," alisema daktari. "Kidonda hiki hapa. Kimoja. Kinatoka damu kidogo. Kinatibika." Akaanza kuvuta mpira.

Kuzungumza nisingeweza. Nikainua mkono na kuzungusha kidole cha shahada hewani. Ghalani kwangu kila mtu anakijua kidole hicho. Daktari alimtazama nesi.

"Anataka nini? Anaumia?"

"Anasema uhesabu tena," mke wangu alisema kutoka mlangoni.

Nesi alicheka. Daktari hakucheka, lakini mpira ulisimama, ukarudi chini, ukageuza kichwa nyuma ya mkunjo mmoja.

"Viwili," alisema.

Nikashusha kidole.